Habari za Luteni Flipper, na Jinsi Jina Lake Lilivyosafishwa

Katika vijiji vyetu bado ziko nyumba ambamo cheti cha babu aliyekuwa askari kimehifadhiwa ndani ya kisanduku cha bati, pamoja na stakabadhi za kodi na barua za zamani. Huenda wajukuu hawawezi kukisoma, kwa kuwa kimeandikwa Kiingereza, walakini hawakitupi. Maana wajua ya kuwa karatasi ile yasema neno juu ya mtu wao, kwamba alitumika na kwamba alitoka kwa heshima. Lakini yule aliyetoka na karatasi yenye neno baya, habari zake zikoje? Na kama neno lile halikuandikwa kwa haki, atakwenda wapi ili lifutwe? Swali hili ndilo lililonifanya niandike habari za mtu mmoja wa nchi ya Marekani, jina lake Henry Ossian Flipper, aliyetafuta kwa miaka mingi kusafishiwa jina lake jeshini, akafa kabla ya kulipata alilolitafuta.

Flipper alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Thomasville, jimbo la Georgia. Alizaliwa mtumwa, kwa kuwa wazazi wake walikuwa watumwa. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, mtu mwenye bidii, aliyetaka sana watoto wake wapate elimu. Utumwa ulipokomeshwa katika Marekani mwaka 1865, baada ya vita vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe, Henry alikuwa mtoto wa miaka tisa. Akasoma katika shule zilizofunguliwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Atlanta. Mwaka 1873 akachaguliwa kwenda West Point, ndicho chuo kinachofundisha maafisa wa jeshi la Marekani.

Yeye hakuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika chuo kile. Wengine walimtangulia, lakini hapana hata mmoja aliyefika mwisho. Kwa muda wa miaka minne wenzake weupe hawakusema naye ila neno la kazi. Kazi ikiisha, akawa mtu wa peke yake, wakati wa kula na wakati wa mapumziko, kana kwamba hayupo. Lakini mwaka 1877 akamaliza masomo yake, akiwa wa 50 kati ya vijana 76, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kutoka West Point na cheo cha afisa. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya maisha yake chuoni, na watu wengi wakakisoma.

Akapewa cheo cha luteni katika Kikosi cha Kumi cha Askari wa Farasi. Katika kikosi kile askari walikuwa watu weusi, na maafisa wote, ila yeye, walikuwa weupe. Kwanza alitumwa Fort Sill, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Oklahoma. Huko palikuwa na maji yaliyosimama, na homa iliwasumbua watu sana. Flipper alikuwa amefundishwa kazi ya kupima nchi, akapewa amri achimbe mfereji wa kuyatoa maji yale. Akapima, akachimba, na maji yakaenda zake. Mfereji ule huitwa kwa jina lake, na mwaka 1977 Serikali ya Marekani iliuandika katika hesabu ya mahali pa kumbukumbu ya taifa. Basi mtu asidhani ya kuwa alikuwa afisa mvivu au asiyejua kazi.

Sasa tufike katika habari yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1880 Flipper alihamishiwa Fort Davis, katika jimbo la Texas, akawekwa kuwa mtunza posho. Kazi yake ilikuwa kuuza vyakula kwa maafisa na wengineo, kutunza fedha zilizopatikana, na kuzipeleka San Antonio kwa afisa mkuu wa posho. Mwaka 1881 akaja mkuu mpya wa ngome, Kanali William Shafter. Kanali huyu akamwambia Flipper ya kuwa karibu ataondolewa katika kazi ile. Wakati huo fedha za posho hazikuwekwa katika kasha la chuma, bali katika sanduku la Flipper mwenyewe, chumbani mwake. Baadaye alieleza kwamba mkuu wake ndiye aliyemwambia aziweke kwake. Lakini chumba kile watu waliingia na kutoka, na mtumishi wake alikuwa na nafasi ya kulifikia sanduku.

Katikati ya mwaka ule Flipper akahesabu fedha, akaona hazitimii. Na hapa ndipo palipo kosa lake, wala sipendi kulificha, maana anayempenda mtu hata akaficha kosa lake hamsaidii. Flipper hakwenda kwa mkuu wake kusema, "Bwana, fedha zimepungua, nami sijui zilikokwenda." Alinyamaza. Akaandika katika taarifa zake ya kuwa fedha zimekwisha kupelekwa San Antonio, na kumbe hazijapelekwa. Tena akaandika hundi yake mwenyewe ya zaidi ya dola 1,400 juu ya benki ambayo hakuwa na fedha ndani yake, ili mkuu wake akiangalia hesabu aione kuwa imetimia. Alitumaini kwamba fedha za kitabu chake zitakuja, naye ataziba pengo kabla ya mtu kujua. Sababu aliyoitoa ni kwamba alimwogopa kanali, tena alikuwa ameonywa kwamba wako watu wanaotaka kumwangusha. Huenda hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwezi wa Agosti 1881 habari ikafika kutoka San Antonio ya kuwa fedha hazikupokewa. Nyumba ya Flipper ikapekuliwa, na hundi ambazo zilipasa kuwa zimekwisha pelekwa zikaonekana mle, na nyingine zikaonekana mwilini mwa mtumishi wake. Flipper akakamatwa. Desturi ya jeshi ilikuwa kwamba afisa akishtakiwa akae nyumbani kwake chini ya ulinzi; lakini yeye alitiwa katika chumba cha mahabusi chenye urefu wa futi sita na nusu na upana wa futi nne na nusu, na joto la Texas lilikuwa kali. Wakubwa wa juu walipopata habari wakaagiza atolewe. Na wenyeji wa mji, waliomjua na kumwamini, wakachanga fedha, na upungufu wote ukalipwa kabla ya kesi kusikizwa. Serikali haikupoteza hata senti moja.

Walakini korti ya jeshi ikakaa. Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, kwamba aliiba fedha za Serikali, dola 3,791 na senti 77. La pili, kwamba mwenendo wake haukumstahili afisa na muungwana, kwa sababu ya taarifa zile za uongo na hundi ile isiyo na fedha. Afisa mmoja mweupe, Kapteni Merritt Barber, akakubali kumtetea, akaitetea kesi yake kwa moyo wote. Tarehe 8 Desemba 1881 korti ikatoa hukumu: katika shtaka la wizi, hana hatia, katika shtaka la pili, ana hatia, naye afukuzwe jeshini.

Msomaji, tulitazame neno hilo la pili. Katika lugha yetu muungwana ni mtu mwenye adabu njema, tena ndilo neno la mtu huru, asiye mtumwa. Mtu huyu aliyezaliwa mtumwa alikuwa ameupata uungwana wake kwa jasho na kwa uvumilivu wa miaka mingi, na sasa karatasi moja ilisema mbele ya taifa zima ya kuwa si muungwana. Kwa hiyo hakulia kwa ajili ya mshahara tu. Fedha mtu aweza kuzipata mahali pengine. Jina aliloandikiwa na Serikali hawezi kulifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Tena yafaa tuelewe sheria ilivyokuwa. Sheria ya vita ya siku zile iliamuru ya kuwa afisa akionekana na hatia ya mwenendo usiomstahili, sharti afukuzwe. Korti haikuwa na nafasi ya kumpa adhabu iliyo ndogo zaidi. Aliyeweza kuipunguza ni Rais peke yake, maana hukumu ya namna ile haikutimia mpaka yeye aithibitishe. Mshauri mkuu wa sheria wa jeshi, David Swaim, aliisoma kesi yote akamshauri Rais kwamba adhabu ipunguzwe, maana hakuona kusudi la kuidhulumu Serikali. Lakini Rais Chester Arthur akaithibitisha kama ilivyokuwa, na tarehe 30 Juni 1882 Henry Flipper akatoka jeshini kwa kufukuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Wengi wangevunjika moyo. Yeye akaenda magharibi na katika nchi ya Meksiko, akafanya kazi ya kupima nchi na migodi. Akajifunza Kihispania vizuri hata akawa bingwa wa kufasiri hati na sheria za zamani za ardhi. Serikali ile ile iliyomfukuza ikamwajiri kwa miaka kadhaa, kuanzia mwaka 1893, aisaidie katika kesi za mashamba makubwa yaliyodaiwa kwa hati za Kihispania na za Kimeksiko, ambazo nyingine zilikuwa za uongo. Hapa pana jambo la kustaajabisha: mtu aliyehukumiwa kwa ajili ya karatasi za uongo akaaminiwa kuzipambanua karatasi za kweli na za uongo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1921, akawa msaidizi wa Waziri wa Mambo ya Ndani mjini Washington, kisha akafanya kazi ya mafuta katika nchi ya Venezuela.

Katika miaka hiyo yote hakusahau. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 1898 mswada wa kwanza wa kumrudishia cheo chake uliletwa katika Bunge la Marekani, naye mwenyewe akaandika maelezo marefu kuitetea haki yake. Alionyesha ya kuwa maafisa weupe walioonekana na makosa ya fedha makubwa kuliko yake hawakufukuzwa. Mswada ule haukupita. Ikaletwa miswada mingine, mmoja baada ya mwingine, hata mwaka 1924, na yote ikafa katika mikono ya kamati. Wala si ajabu, maana katika siku zile hapakuwa na mlango mwingine. Mtu aliyetolewa jeshini kwa hukumu na kutaka karatasi yake ibadilishwe ilimpasa apate mbunge wa kumletea sheria ya peke yake, ipitishwe na mabaraza yote mawili ya Bunge, kisha Rais atie sahihi. Nani atakayejitaabisha hivyo kwa ajili ya mtu mweusi mmoja asiye na kura nyingi nyuma yake?

Flipper alirudi Atlanta, akakaa nyumbani kwa ndugu yake aliyekuwa askofu wa Kanisa la African Methodist Episcopal. Akafa huko mwaka 1940, mzee wa miaka 84. Kaburi lake halikutajwa sana, na hukumu ya mwaka 1882 ilikuwa ingali imeandikwa katika vitabu vya jeshi.

Kisha mambo yakabadilika, wala si kwa ajili yake. Baada ya vita kuu ya pili palikuwa na mamilioni ya watu waliotoka jeshini Marekani, na malalamiko ya vyeti yalikuwa mengi mno. Mwaka 1944 sheria iliweka halmashauri za kuangalia upya vyeti vya kuachishwa, ila hazikuwa na amri juu ya watu waliofukuzwa kwa hukumu ya korti kuu ya jeshi. Mwaka 1946 Bunge likaona limechoka na miswada ya mtu mmoja mmoja, likakataza kuletwa miswada ya namna hiyo, na badala yake likawapa mawaziri wa majeshi mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu kwa shauri la halmashauri za raia. Neno la sheria ile ni jepesi kulifahamu: kumbukumbu yaweza kusahihishwa ili kuondoa kosa au dhuluma. Mwombaji huandika ombi lake na kuambatisha ushahidi wake. Leo amewekewa muda wa miaka mitatu tangu alipolijua kosa lile, lakini halmashauri yaweza kuusamehe muda ikiona kwamba haki yadai hivyo. Na kama mwenyewe amekufa, jamaa zake waweza kuomba kwa ajili yake.

Basi kwa mlango huo Flipper aliingia, naye yu kaburini. Mwalimu mmoja wa shule katika jimbo la Georgia alizisoma habari zake, akaona dhuluma, akakusanya maandiko ya kesi, na pamoja na jamaa za marehemu akapeleka ombi mbele ya Halmashauri ya Kusahihisha Kumbukumbu za Jeshi. Mwaka 1976 halmashauri ikatoa shauri lake. Ilisema haina mamlaka ya kuivunja hukumu ya korti, lakini adhabu ile ilikuwa kali kupita kiasi, tena si ya haki. Jeshi likakubali, na mwezi wa Desemba mwaka ule likatoa cheti cha kuachishwa kwa heshima kwa jina la Henry Flipper, nacho kikaandikwa tarehe 30 Juni 1882, siku ile ile aliyofukuzwa. Ilikuwa imepita miaka 94. Mwaka 1978 mifupa yake ikahamishwa kutoka Atlanta, ikazikwa Thomasville alikozaliwa.

Yatupasa tuangalie vizuri halmashauri ilisema nini na haikusema nini, maana watu wengi huchanganya mambo haya. Haikusema kwamba Flipper hakuandika uongo katika taarifa zake, aliuandika. Ilisema kwamba kosa na adhabu havikulingana. Hukumu yenyewe ikabaki katika kitabu mpaka tarehe 19 Februari 1999, ndipo Rais Bill Clinton alipompa msamaha, na huo ulikuwa msamaha wa kwanza uliopata kutolewa na Rais wa Marekani kwa mtu aliyekwisha kufa. Hata msamaha si sawasawa na kusema, "Hukufanya." Msamaha ni kusema, "Limekwisha, lisihesabiwe tena juu yako."

Wako wengine ambao hata hukumu hawakupata. Mwaka 1906, katika mji wa Brownsville, Texas, risasi zilipigwa usiku, mtu mmoja akauawa, na askari weusi wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu wakashukiwa. Maafisa wao wenyewe walisema ya kuwa askari walikuwa kambini. Hapana aliyekiri, wala hapana aliyemtaja mwenzake. Rais Theodore Roosevelt akawatoa jeshini watu 167 pasipo heshima, bila kuwapeleka mbele ya korti yoyote. Na mmoja wao, sajini Mingo Sanders, alikuwa ametumika miaka 26. Hao walisafishwa na jeshi mwaka 1972, wakati karibu wote walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja, Dorsie Willis, alikuwa hai. Alikuwa amefanya kazi ya kufagia na kung'arisha viatu katika duka la kinyozi kwa karibu miaka 60. Mwaka 1973, siku alipotimiza miaka 87, jenerali mmoja alimpelekea cheti chake kanisani kwake mjini Minneapolis.

Mtu aweza kuuliza, cheti cha heshima chamfaa nini maiti? Chakula hali, malipo ya uzeeni hapokei. Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Lakini nikakumbuka wale wajukuu wenye kisanduku cha bati. Karatasi ya Serikali haifi pamoja na mtu. Hubaki ikisema baada yake, na watoto na watoto wa watoto huisikia. Ikiwa yasema uongo, au yasema kweli nusu, basi dhuluma yaendelea kila siku mtu aifunguapo. Kwa hiyo wahenga walisema, kawia ufike.

Na sisi ambao hatuna jeshi wala korti, hatukosi mizani hii. Yuko mtunza fedha wa chama aliyepungukiwa na hesabu, yuko mwanafunzi aliyefukuzwa shule, yuko mtumishi aliyepewa barua mbaya na bwana wake. Aliyepungukiwa na aseme siku ile ile aonapo upungufu, hata kama mkuu wake ni mkali, maana kama Flipper angalisema mapema, huenda lile shtaka la pili lisingalikuwapo. Naye mwenye kalamu ya kuhukumu, na aandike kosa kwa kipimo chake, asiongeze. Mstari mmoja alioutia sahihi Rais Arthur mwaka 1882 ulidai bidii ya maisha ya mtu mzima, na sheria mpya, na taabu ya mwalimu mmoja wa shule, hata ukarekebishwa.